Siri Kwenye Silinda

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nitafute siri. Aliyenituma alikuwa Fomani, mkubwa wa karakana yetu pale mtaa wa Lucky Summer, na aliniambia huku akienda zake: "Shida ya hii mashine ni siri. Itafute, uniretee kabra ya saa kumi. Ukishindwa, kesho usije."

Nikabaki nimeduwaa. Nyumbani, mtaa wa Huruma, nilikuwa na watoto wawili wa kulea peke yangu, na kazi hii nilikuwa nimeiomba mpaka bawabu akanizoea. Sasa naambiwa nitafute siri ya chuma. Chuma kina siri gani, jamani?

Nyinyi vijana huenda hamjaiona mashine ya kupasua mbao inayovutwa na gari. Ni msumeno unaokimbia juu ya reli za chuma, na chini yake magurudumu, ili mashine ifuate magogo yaliko. Gogo huinuliwa na mikono ya chuma inayosukumwa na oili. Pampu huipeleka oili kupitia paipu za mpira hadi kwenye silinda, silinda inasukuma, mkono unapanda. Oili ikitoroka, mkono hulegea, na aliye karibu na gogo shauri yake. Ndiyo maana uvujaji haukuwa jambo la kupanguza kwa kitambaa na kuendelea.

Chini ya silinda palikuwa na dimbwi la oili. Fundi yeyote angeanzia hapo. Lakini mimi, katika kuchanganyikiwa kwangu, nilijiambia kwamba kitu kinachoonekana na kila mtu hakiwezi kuitwa siri. Nikaliacha dimbwi. Nikaiosha mashine nzima kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikainyunyizia vumbi kavu la mbao, maana vumbi hilo likiguswa na oili hugeuka jeusi papo hapo. Kisha nikamwomba Otieno, mwendesha mashine, awashe pampu.

"Kwani unatafuta nini, madam?" akauliza.

"Siri."

"Siri ya nani sasa? Mimi usiniingize kwa mambo ya watu."

"Hata mimi sijui. Fomani ndiye anajua."

Akatikisa kichwa, akawasha. Nikatazama silinda: vumbi jeupe. Nikarudi nyuma, na kule karibu na pampu, mahali paipu ilipobanwa chini ya fremu, vumbi likaanza kuwa jeusi. Kumbe oili ilikuwa ikitoka huko, ikitambaa chini ya chuma, na kudondoka pale chini ya silinda. Nilifurahi nikasahau nilipo. Nikanyoosha mkono niipapase paipu.

"Toa mkono."

Alikuwa Fomani. Hakupaza sauti, lakini mkono niliutoa. Akachukua kipande cha kadibodi, akakipitisha karibu na ile paipu, akanionyesha. Kilikuwa kimetobolewa kishimo chembamba.

"Oiri ya presha inaingia kwa ngozi kama sindano," akasema. "Unaenda hospitari, wanakata mkono."

Niliogopa, siwafichi. Otieno akazima pampu, nami nikaionyesha paipu. "Fomani, siri ndiyo hii."

Akaitazama paipu, akaitazama silinda, akanitazama mimi. Kisha akatoa mfukoni pete mpya ya mpira. "Siri ni hii," akasema.

Hapo ndipo nilipofumbuka macho. Fomani alikuwa mtu wa Nyeri, na ulimi wake haukuwahi kupatana na herufi l. Alitaka sili, ile pete inayoziba mdomo wa silinda oili isitoke. Nikajua kazi imeniponyoka: nimetumwa sili, nimepoteza siku nzima kutafuta siri. Lakini yeye akairudisha pete mfukoni. "Kesho uje mapema," akasema, akaondoka.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Baadaye nikawa chini ya Meneja wa Yadi, aliyependa mikutano kuliko spana, kisha Mkuu wa Karakana kule mtaa wa Fedha, mtu mpole aliyetamka l zake zote. Wakaniita fundi, nikafundisha wengine kuosha, kukausha, kunyunyizia vumbi, na kutotumia mkono kamwe. Hata hivyo sikuwahi kuelewa niliajiriwa kwa akili au kwa kutosikia vizuri. Je, mzee alijua sili ni nzima, akawa ananipima? Nilipomuuliza alinijibu, "Fanya kazi, Nafura."

Mwaka huu nilipostaafu nilikwenda kumsalimu nyumbani kwake. Amezeeka, miguu inamsumbua, lakini chai alimimina mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "leo huwezi kunifukuza. Siku ile ulitaka sili au ulitaka siri?"

Akacheka hadi akakohoa. Halafu akaweka kikombe chini.

"Niriitisha siri," akasema. "Ukaniretea siri. Ungereta siri tuibadirishe vire niritaka, ire paipu ingepasuka gogo rikiwa juu, na Otieno yuko chini yake."

Otieno huyo ana wajukuu sasa. Neno mdomoni mwa mzee lilikuwa moja kama siku zote, lakini safari hii niliyasikia yote mawili, na sikumuuliza lipi ni lipi.