Sanda ya Mwasiti Haikai Nyumbani

Asubuhi ile ilikuwa kama asubuhi zingine. Mke wangu Mwasiti aliamka kabla yangu, akapitisha mkono wa kuume chini ya leso, akajipapasa kwapa la kushoto, pale kwenye kovu. Alifanya hivyo kila alfajiri tangu Wadachi, yaani Wajerumani, walipomkata titi. Mimi nilifumba macho nikajifanya nimelala. Yeye alijifanya anaamini. Ndoa ni kusaidiana.

Akipapasa asikute kitu, ananigombeza. Hapo nilikuwa najua kwapa ni zima.

"Aruna, chumvi iko wapi?"

"Iko pale ulipoiweka."

"Ningejua nilipoiweka, ningekuuliza wewe?"

Tukala ugali wa mihogo uliolala, na samaki wa mukeke wa kuchoma. Bila chumvi.

Ndipo akaja Mustafa, mkubwa wa mwalo wetu hapa Rumonge, yule anayepanga mitumbwi itue wapi. Alisimama mlangoni akakohoa. Mtu wa Rumonge akikohoa mlangoni kwetu, hatumuulizi kama ana kifua. Tunamuuliza nani amekufa.

"Ni nani?" Mwasiti akasema.

"Hatumujui, mama. Mawimbi yameleta mtumbwi toka upande wa Kabonga. Ndani iko mutu mumoja, na yeye maiti. Pagazi wa vita, naona, mabega yote ni sugu. Amefunga hirizi ya Kurani mukononi, kwa hiyo ni mwenzetu. Lakini sanda hakuna. Mujini hakuna hata kipande cha merikani."

Kweli hakukuwa. Wadachi na Wabelgiji walikuwa wanapigana ziwani, na tangu waanze nguo nyeupe haikufika tena kwetu. Mizinga ilifika.

"Aruna, teremusha kikapu," akasema Mwasiti.

Nilinung'unika. Akanijibu. Mustafa akacheka, akaondoka na kikapu.

Sasa niseme habari ya kikapu.

Mwasiti alizaliwa Gatete, binti wa mkamua mawese. Mimi ni msuka nyavu. Nilimuoa akasilimu, akaja kwetu na mchi wake. Kutwanga mawese hakuna mwanamke aliyemshinda. Binti yetu Aziza alikuwa bado anatambaa wakati Mwasiti alipokuta kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama kokwa ya mchikichi. Akasema ni maziwa yameganda. Kokwa ikawa ngumi. Ngozi ikapasuka, kidonda kikaanza kunuka, na kwapani kukaota vingine.

Tulitafuta dawa. Mmoja alipaka majivu, mmoja alipaka nyongo ya kuku, na mwalimu wa chuo cha Kurani, mwalimu Shafii, aliandika aya za kombe, Mwasiti akanywa. Dawa zote zilisaidia. Mbuzi wetu walikwisha, uvimbe haukuisha, waganga wakanenepa.

Nikampeleka Usumbura, kwenye boma la Wadachi. Waliotupigia kasia walikuwa Feruzi na wenzake. Tulipotua Kabezi kupumzika, watu walitusalimu vizuri sana, kutoka mbali, upande ambao upepo haupeleki harufu.

Daktari wa boma tulimwita bwana Miwani. Alimtazama Mwasiti, akatikisa kichwa, akasema kwa mkalimani, "Mmechelewa."

Mwasiti akamwambia mkalimani, "Mwambie ndiyo, tumechelewa. Lakini tumefika."

Bwana Miwani hakucheka. Alimnusisha dawa ya usingizi, akakata titi lote, akakata na nyama mpaka kwapani. Mimi nilikaa nje. Feruzi hakukaa. Feruzi alichungulia dirishani. Akaona mwanamke amenyooshwa, macho yamefungwa, shuka jeupe, damu, na Mzungu anaosha mikono. Kwa Feruzi hayo yalitosha. Maisha yake yote alikuwa mvivu wa kasia, lakini siku ya kupeleka msiba alivuta kasia kama mtu aliyeazimwa mikono.

Tulikaa Usumbura mpaka kidonda kikafunga. Tulipotua Rumonge, watu wa mwalo walitukazia macho. Wengine walikimbia. Matanga yalikuwa yamekwisha, hitima imesomwa, pilau imeliwa, vitu vya marehemu vimegawanywa. Dada yangu Zuwena alikuja kutupokea na leso ya Mwasiti kiunoni. Akasimama kama mti.

"Wifi," Mwasiti akamwambia, "hiyo leso imekukaa. Vaa tu leo. Kesho nitaitaka."

Mwalimu Shafii alimgusa kwanza kwa fimbo. Alipoona anashikika, akatoa hukumu: "Hitima haipotei. Imetangulia. Itamusubiri huko."

Toka siku ile jina lake likawa Marehemu. Wavuvi wa ndagala, vidagaa vya ziwa letu, walikuwa wanamwita toka majini kwa salamu ya Kirundi, "Marehemu, amahoro!" Naye anajibu, "Amahoro! Huku kaburini jua ni kali, leteni ndagala!"

Sasa, bwana Miwani alikuwa amesema neno moja kabla hatujaondoka. Alisema ugonjwa huu utarudi, na mwanamke huyu hatamaliza masika. Neno hilo sikulisema kwa mtu. Wapiga kasia walioturudisha walilisema kwa kila mtu.

Dada yangu Zuwena ni mtu wa msaada. Alikuja nyumbani na vitu viwili: sanda mpya ya merikani, na msichana anaitwa Kadidja.

"Sanda ya wifi," akaniambia, "na mutoto huyu wako, wa kuoa baadaye. Mimi sipendi kuhangaika mwisho."

Mwasiti alikuwa amekaa hapo hapo. Akapokea vyote viwili, akashukuru. Sanda akaitia kwenye kikapu, nikakifunga darini juu ya moshi wa jiko, mchwa wasiile. Kadidja akamtia kwenye ndagala. Maana mkono wake wa kushoto ulivimba baada ya kukatwa, ukawa mnene kama mgomba, ukakataa mchi. Basi aliacha mawese, akashika kazi ya kuanika ndagala mchangani, kwa mkono mmoja wake na miwili ya Kadidja. Kabla masika hayajakwisha, Kadidja alikuwa amekwisha kuolewa na mvuvi. Mwasiti ndiye aliyepanga. Mimi sikuulizwa. Nilifurahi, lakini kuulizwa nako ni kuzuri.

Na bwana Miwani? Homa ya mkojo mweusi ilimchukua, mvua bado zinanyesha. Hakumaliza masika yeye. Mungu ampe pema. Kisu chake kilikuwa kizuri, ulimi ndio ulikuwa butu.

Mvua zilipokatika, Mwasiti alimwendea Zuwena mlangoni kwake.

"Wifi, masika yamekwisha."

"Naona."

"Na mimi niko."

"Nakuona, wifi."

"Basi shika kikapu twende mwaloni, ndagala zinaoza."

Kifo hakikurudi mikono mitupu. Kilizunguka kwa majirani. Malale yaliingia mwambao huu, na Feruzi alikuwa wa kwanza mtaani kwetu kulala akiwa amesimama. Alipokufa, wafanyabiashara walikuwa hawajafika, na nguo hakuna. Mwasiti akasema niteremshe kikapu.

"Mupelekeeni. Yeye alinizika mapema. Mimi nitamuzika kwa wakati."

Ndugu zake walilalamika kwamba sanda inanuka moshi na ndagala.

"Kwani anakwenda arusini?" akawauliza.

Mitumbwi ya biashara ilipofika wakarudisha mpya. Hapo desturi ikaanza. Anayefiwa wakati nguo hakuna, anakuja kukohoa kwetu. Nguo ikija, anarudisha. Ilikwenda kwa mama yake Kadidja. Ikarudi. Ilikwenda kwa mwalimu Shafii mwenyewe.

"Amekwenda kuiangalia ile hitima yangu," Mwasiti akasema.

Mimi sikupenda. Nikamwambia, "Unacheza na sanda."

"Sanda ikiwa nje mimi siwezi kufa, Aruna. Nitavaa nini?"

Alisema hivyo anacheka. Lakini mimi nilimtazama. Sanda ikiwa nje, alilala mpaka jogoo la pili. Ikirudi darini, alfajiri alijipapasa, akaacha, akajipapasa tena. Mimi nimefumba macho, nasubiri kugombezwa. Asubuhi ambazo alichelewa kunigombeza zilikuwa ndefu. Basi nikaanza kuwaombea majirani zangu afya mbaya kidogo.

Wanawake nao wakaanza kuja, toka Gatete, toka Kabezi, wamefunika vifua. Wanauliza, "Marehemu ndiye huyu?" Mwasiti anawaingiza ndani, anafungua leso, anawaonyesha kovu, anawaambia waliguse. Halafu anawaambia waende Usumbura, wasingoje kama yeye. Walikwenda. Wachache walipona, wakaja kumshukuru na kuku. Wengi hawakupona. Ndugu zao walikuja kukohoa mlangoni.

Siku hizo hakucheka. Alitoa kikapu, akaenda kuanika ndagala peke yake.

Masika yalikwenda yakarudi, yakaenda yakarudi. Aziza aliolewa akazaa. Nywele za Mwasiti zikawa nyeupe, jambo ambalo hakuna mganga aliyelitabiri. Zuwena aliacha kumsubiri, au alichoka.

Ndipo ikafika asubuhi ile ya pagazi wa vita. Tulimzika mgeni ndani ya sanda ya Mwasiti, hakuna aliyejua jina lake, tukamuombea kwa jina la watu wote.

Kesho yake Mwasiti alikwenda mwaloni kama kawaida. Aligeuza ndagala. Akasema kichwa kizito. Akakaa mchangani, akalala ubavu. Walipokuja kuniita nilikuta wamemfunika uso, na wavuvi wamesimama kofia mkononi. Hakuna hata mmoja aliyemwita Marehemu.

Wanawake walimuosha. Zuwena alitoka ndani, mikono ina maji bado, akanijia ukutani nilipokaa.

"Aruna, nimepapasa kovu. Nimepapasa na kwapa. Hakuna kitu."

"Ndiyo."

"Hakuna kitu kabisa, ndugu yangu. Limepona."

Aliniambia kama mtu anayeleta habari njema.

"Vizuri," nikasema.

Halafu tukatazamana, maana tulikumbuka wote pamoja. Mwanamke wa pekee Rumonge aliyekuwa na sanda tayari masika yote hayo, amekufa hana sanda.

Wale walioazima zamani walikuja. Wengi walikuwa wamerudisha, lakini siku ya nguo kukosekana hesabu hiyo haina maana, nao walijua. Wakaja na maelezo. Vita, mitumbwi haipiti, Wadachi wamechukua hata shuka za kulalia. Maelezo yalikuwa mazuri, lakini maelezo hayafuniki maiti.

Zuwena akaondoka bila kuaga. Akarudi na furushi la mkeka kifuani. Akalifungua. Merikani, nyeupe kabisa, imekunjwa, inanukia ubani. Alikuwa ameinunua siku ile ile aliyonunua ya Mwasiti. Ilikuwa yake. Miaka yote watu wanakohoa mlangoni kwetu, yeye alikuwa nayo chini ya kitanda, kimya.

"Mimi ndiye mukubwa," akasema. "Nilitaka kuwa tayari." Akalia. "Sasa si atanukia ubani wangu huko, anicheke."

Akamvika mwenyewe.

Tangu hapo Zuwena anasema hawezi kufa, hana sanda. Mitumbwi bado haijapita, na afya yake ni nzuri kuliko yangu. Asubuhi anakuja mlangoni, anakohoa. Namuuliza nani amekufa. Anasema hapana, ni kifua.

Chumvi nimeiona. Iko pale alipoiweka.

Siku ile, nilipoteremsha kikapu na Mustafa amesimama mlangoni, nilimwambia Mwasiti kwamba maiti huyu hana ndugu, sanda hii hairudi, na nguo mjini hakuna. Yeye alikuwa anatafuta kofia yake ya ukindu ya kwendea juani. Hakugeuka hata. Alisema:

"Aruna, usiende kuidai. Muache mugeni alale nayo. Mimi kesho niko na ndagala za kuanika."