Mtoto wa Mskoti

Mpaka leo nikisikia kibati cha tundu la barua kikigonga mlangoni, miguu yangu huinuka kabla sijaiamuru. Ni mazoea ya majira ya baridi ya mwaka mmoja mtaani Sparkbrook, Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na miaka kumi na minne na nikilala na soksi ili asubuhi nisichelewe kushuka. Ngazi zilinuka mafuta ya taa ya hita. Chini kulikuwa na sakafu baridi, mlango, na mimi nimesimama namngoja mtu wa posta. Nilikuwa nangoja barua kutoka Skotlandi.

Nianze na Baba. Baba alikuwa kondakta wa basi, Mkikuyu. Mama alikuwa muuguzi, Mtaita. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, nyumbani tulisema Kiswahili, na mimi niliyeletwa Birmingham nikiwa na miaka minne nilikijua kile cha jikoni tu: njoo ule, funga mlango, baridi inaingia. Jina letu la ukoo lilikuwa Dunbar, jina la Kizungu. Shuleni halikunisaidia kitu. Denise, aliyekaa nyuma yangu, aliniuliza darasa zima likisikia, "Dunbar? Wewe? Mmeliokota wapi?" Nami nilikuwa msichana wa kujibu kesho yake, tena kwenye shajara.

Jioni ile nilimwuliza Baba, akiwa ameloweka miguu kwenye karai baada ya zamu.

"Babu yako alikuwa mtoto wa Mskoti," akasema.

Mtu yeyote aliyekulia kule kwetu karibu na misheni angejua maana yake: ni yule aliyelelewa na wamishenari, akanywa uji wao na kujifunza kusoma kwao. Mimi nilisikia damu.

"Kwa hivyo hata mimi ni Mskoti?"

Baba alinitazama, kisha akatazama vidole vyake ndani ya maji. "Kidogo," akasema.

Kidogo hicho kilinitosha. Kwenye Biblia ya babu, ambayo Baba alisafiri nayo, kulikuwa na muhuri wa parishi ya Skotlandi iliyoitwa Kilmorrach. Nikaiandikia. Karani wa parishi, mzee mmoja aliyeitwa Bwana Rennie, alinijibu kwa mwandiko wa kulala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Alikuwa amefungua vitabu vya ubatizo vya zamani akaninakilia kila Dunbar aliyemkuta: Alexander mhunzi, Elspeth aliyezaliwa pacha, mfumaji aliyebatizisha watoto tisa na kuzika sita. Niliwakariri wote. Niliwachora kwenye karatasi kubwa, tawi kwa tawi, na mwalimu wa historia akasema mti wangu utatundikwa ukutani siku ya wazazi.

"Kumbe una nyanya anaitwa Elspeth," Denise alisema, na darasa likacheka. Mara hiyo sikuinamisha kichwa. Nilikuwa na watu nchi hii, tena wameandikwa kanisani. Kilichobaki ni kiungo kimoja tu: Dunbar yupi alikwenda Kenya akamzaa babu yangu? Nikamwandikia tena Bwana Rennie, nikaanza kungoja.

Siku moja Mama alisema kutoka jikoni, "Baba Njeri, mwambie mtoto."

"Mwache, anasoma," Baba akajibu.

Nilidhani wanazungumza juu ya kulala mapema.

Wiki tano zilipita. Kila asubuhi Baba alinipita pale mlangoni akiwa na sare yake. "Hakuna kitu leo, mama? Waskoti hawana haraka," angesema, na kunigusa bega.

Siku moja kabla ya siku ya wazazi, Mama alinipa koti la kazi la Baba nishone kifungo. Katika mfuko wa ndani kulikuwa na bahasha. Niliutambua ule mwandiko wa kulala. Ilitumwa kwa Baba, kwenye gereji ya mabasi, na muhuri wa posta ulikuwa wa mwezi uliopita.

"Bwana Dunbar mpendwa," iliandikwa kwa Kiingereza, "kama ulivyoniomba, sitamwandikia tena binti yako." Halafu ikafuata habari yenyewe. Kitabu cha wazee wa kanisa kilisema kwamba parishi ilichagua mtoto yatima wa misheni huko Kenya imtunze, na ikaagiza abatizwe kwa jina la Andrew Dunbar, mzee wa kanisa aliyefariki majira hayo, hana mke wala mtoto. Kabla ya hapo mtoto huyo, babu yangu, aliitwa Kamau, mwana wa Gathogo.

Baba aliporudi alinikuta nimeketi ngazini, koti magotini na barua juu yake.

"Ulijua," nikasema.

"Njeri, ulikuwa unatembea umeinua kichwa. Ningekuvunjaje?"

"Kila asubuhi uliniuliza kama kuna kitu."

Alitoa mkono, akaichukua barua, akaikunja mahali pale pale ilipokuwa imekunjwa.

Mti wangu niliuchana. Siku ya wazazi nilijifanya naumwa tumbo. Katika shajara niliandika ukurasa mzima wa neno moja, mwongo, na tangu siku ile nikaacha kumwita Baba. Nikitaka chumvi, nilisema, "Naomba chumvi," nikitazama ukuta. Iliendelea hivyo mwaka, kisha miaka, mpaka ikawa ndiyo desturi yetu.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Baba alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Shangazi, dada yake, alikuja kutoka Kenya kumwona mtoto, tukaingia kwenye mambo ya majina. Akanieleza kwamba kwao mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba. "Isipokuwa kaka yangu," akasema. "Mzee wetu alichukuliwa na misheni akiwa mdogo mno, hakukumbuka baba yake aliitwaje. Basi kaka akaitwa James, jina la kuazima tu."

Nilimpa Shangazi mtoto amshike, nikaenda kusimama jikoni.

Siandiki haya kumtakasa Baba. Alinitazama nikingoja, naye barua anayo mfukoni. Lakini nilikuwa nimedhani alificha barua yangu, kumbe ile ilikuwa yake. Akiwa na miaka arobaini na moja, karani asiyemjua alimwandikia jina alilopaswa kuitwa tangu kuzaliwa: Gathogo. Hata Mama hakuonyeshwa. Katika nyumba ile mtu mwingine mmoja tu ndiye aliyelijua, na huyo alikuwa ameacha kumwita.