Nilivyounda ndege ya mabawa mawili ili shangazi afutiwe kesi ya mihogo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Naomba nafasi nisimulie jambo la kwangu mwenyewe. Sijatia chumvi, na mwenye shaka aulize tu, nitajibu.

Mimi ni mtu wa miguu kuwasha. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda kupasua mbao Mufindi, nikahamia Tunduru, nikapita Mtwara, kila mahali miaka miwili mitatu nasepa. Sasa nina arobaini na kitu, nimerudi Mbinga, nafanya useremala mdogo mdogo.

Lakini kwetu hasa ni chini ufukweni, Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Huko ndiko aliko shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea.

Sasa sikilizeni. Kwenye ukoo wetu mtu akidanganya anaambiwa, "Hiyo ni ndege ya shangazi." Hata watoto wanasema, hawajui ilianzia wapi.

Ilianza hivi. Shangazi akiwa binti wa miaka kama minane aliachwa alinde mihogo iliyoanikwa juu ya jiwe. Watu wote walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha pili. Ikashuka ndege kwenye mchanga, ina mabawa mawili, moja juu ya jingine. Akatoka mzungu, akakazakaza nyuzi za mabawa, akanywa maji, akaondoka.

Shangazi alikimbia kuitazama. Huku nyuma mbuzi wakala mihogo yote.

Jioni alichapwa mara mbili. Moja ya mihogo, moja ya uongo.

Zaidi ya miaka sitini imepita na baba mdogo, kitinda mimba wao, bado anamtania. Shangazi huwa anacheka na wengine. Nilidhani hajali, mpaka siku aliponipigia simu.

"Macho yanaingia giza, mwanangu," aliniambia. "Na nitazikwa muongo."

Wakuu, sikulala vizuri wiki ile.

Nikatafuta mtandaoni nikapata picha za ndege za zamani za namna hiyo, na ramani moja yenye vipimo. Nikaamua kuiunda ndogo, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, aishike kwa mikono kama macho yamegoma. Kipaimara cha mjukuu wake kilikuwa kimekaribia na ukoo wote ungekuwepo.

Mifupa ya mabawa nilipasua mianzi. Propela nilichonga kwa mti wa mbuni mkavu, kwa sababu ni mgumu na Mbinga hatujawahi kukosa mibuni. Magurudumu ni vifuniko vya chupa. Mabawa nikayavika karatasi nyembamba, nikapaka vanishi. Majirani waliponiuliza naunda nini nikasema kibanda cha kuku, maana jibu la kweli lingeleta maswali mengi.

Kazi yenyewe ni nyuzi. Bawa la juu na la chini yanaunganishwa kwa vijiti, halafu nyuzi zinavutwa kwa mshazari ili yasitikisike. Nilitumia mshipi wa kuvulia samaki. Unatoboa tundu, unapitisha, unavuta, unafunga. Ukivuta zaidi upande mmoja, bawa la upande wa pili linapinda. Nilirudia mpaka vidole vikachanika.

Na hapa nakiri kosa. Ramani ilionyesha kila mahali nyuzi mbili zinazokatana. Mimi nikaweka mmoja mmoja. Nilichoka, nikajisemea nani atajua. Sikumwambia mtu.

Nilipomaliza, nyuzi zilikaza, ukizigusa zinalia.

Siku ya kipaimara nikapakata boksi langu kwenye pikapu ya rafiki, tukateremka. Waliopita njia ile wanajua. Mbinga unaondoka na koti, chini ziwani unafika shati limelowa. Sasa mshipi wa nailoni niliukaza kwenye baridi. Kufungua boksi mbele ya ukoo mzima, nyuzi zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mabawa yameinama.

Baba mdogo hakunisubiri nimalize shikamoo.

"Marahaba. Kumbe na ndege yenyewe inaona aibu."

Watu wakacheka. Nikatamani nirudi Tunduru kwa miguu.

"Ilete," akasema shangazi.

Akaipakata. Vidole vyake vimesuka nyavu maisha yake yote. Vikapita kwenye propela, kwenye mabawa, vikashika uzi mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Vikarudi. Vikaufuata tena.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake yupi, shangazi?"

"Anayekatana naye. Zilikuwa mbili hapa, zimefanya msalaba. Mzungu alikuwa anakaza hapo hapo penye msalaba. Wewe umeweka mmoja, ndiyo maana bawa limelala."

Nikatoa simu, nikafungua ramani, nikampa baba mdogo. Akavaa miwani. Akatazama ramani, akatazama ndege, akamtazama dada yake.

"Nani alikuambia hizi zinakatana?"

"Niliona. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, unajikojolea."

Hapo ndipo watu walipocheka sawasawa. Baba mdogo hakucheka. Aliinuka akaingia ndani. Nikadhani kanuna, kumbe kafuata kibunda chake cha mshipi.

Shangazi akaweka nyuzi zilizokosekana kwa kupapasa, kwa fundo la nyavu, huku baba mdogo akimshikia mabawa. Kila uzi ulipokaza, bawa liliinuka kidogo, mpaka ndege ikasimama imenyooka.

Halafu baba mdogo akavuta kigoda karibu.

"Dada, hebu ianze mwanzo. Mihogo uliianika jiwe lipi?"

Shangazi akasimulia yote. Wali ukapoa na hakuna aliyenyanyuka.

Nilichojifunza, wakuu: ukijisemea nani atajua, yupo anayejua, na huenda macho yake hayaoni. Pia mshipi wa ziwani ukauvutie ziwani.

Ndege inaning'inia sebuleni kwa shangazi. Mimi miguu imeanza tena kuwasha, ila safari hii napiga simu kila Jumapili.

Je, kwenu kuna mzee ana hadithi mnayoiita uongo? Iwekeni hapa tuisome.