Bibi Tumbili na Spika ya Mitumba

Dada yangu analima mahindi chini ya miamba, nje kidogo ya Mhunze, mahali ambapo tumbili ni wengi kuliko wapiga kura. Misimu miwili mfululizo walimwachia mabua tu. Wa tatu akatangaza: wakila tena, anafunga nyumba na kuhamia Masumbwe kwa mwanawe mchimbaji, akawapikie ugali vibarua wa mashimoni. Mwanawe alimbembeleza kwa simu kila Jumapili. Dada hakutaka. Alivyokuwa akiitaja Masumbwe, ungedhani anataja wodi ya wagonjwa.

Mimi nikasema hilo ni jambo dogo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nina mvi tayari, na mtu aliyepata D ya baiolojia hashindwi na tumbili. Isitoshe, nilikuwa na spika ya kuuzia mitumba mnadani, inayoweza kuamsha watu mpaka Mwadui.

Kundi lile lilikuwa na jike zee lenye mkia uliokatika, tukiliita bibi. Mbwa wa jirani alipopita, bibi alibweka kwa namna yake na wote wakaparamia miamba. Nikairekodi sauti hiyo kwa simu, nikaitia kwenye spika, nikaifunga mtini katikati ya shamba.

Siku ya kwanza nilikuwa mfalme. Tumbili walitimka mpaka vumbi likaziba jua, na dada akanichinjia kuku. Siku zilizofuata wakawa wanakimbia nusu ya njia, wanageuka kutazama. Mwishowe hawakukimbia kabisa. Mmoja alikaa juu ya spika yenyewe akimenya hindi.

"Msomi wa jioni," dada akasema, "mbona mwanafunzi wako amekalia kiti cha mwalimu?"

"Nitaongeza sauti, dada."

"Ongeza, wasikie vizuri wakiwa wanakula."

Yeye ndiye aliyeona lililoniponyoka. Mbwa alikatiza tena shambani, bibi akabweka kutoka mwambani kwa koo lake mwenyewe. Wenzake wakainua vichwa, wakaendelea kutafuna. Mpaka jike jingine, kijana, lilipobweka, ndipo wakakurupuka, mmoja akiponea chupuchupu.

"Umeona?" dada akaniuliza. "Yule mama hasikilizwi tena kwao. Spika yako imeita kwa sauti yake kutwa nzima, na mbwa hakuna. Wamemtoa maanani."

Mimi nilidhani mlio wa tumbili ni kama kengele ya shule: ikilia, watu wanakimbia. Kumbe wao husikiliza kwanza ni nani anayeita, na kama jana aliita kwa haki au alipiga porojo. Ndivyo tulivyo mnadani. Spika yangu ikipiga kelele "bei ya mwisho" tangu asubuhi, hageuki hata mbuzi. Lakini yule muuza kamba mkimya akisema tu kwamba mvua inakuja, wote tunafunika bidhaa.

Dada akaniamuru niizime spika. Akaenda kumwomba jirani mbwa wake, akawa anampitisha shambani saa yoyote inayomjia kichwani.

"Mbwa peke yake hatoshi," nikamwambia. "Akienda huku, wao wanakula kule."

"Wewe ng'wanawane, ndugu yangu, tulia. Mbwa ni wa kumrudishia bibi heshima. Akiaminiwa, atawaondoa yeye kabla mbwa hajatoka jasho."

Mwanzoni bibi alibweka akapuuzwa, na mbwa akawatokea puani. Akabweka tena, mbwa akatokea tena. Polepole vichwa vikaanza kuinuka mapema, kisha miguu. Mahindi yalipoanza kukomaa, nakuapia, bibi alikuwa akisafisha koo tu, kundi zima liko juu ya miamba. Baadaye wakachoka kupanda na kushuka, wakahamia kwenye matunda ya porini upande wa pili. Mistari ya pembeni walikwisha kuila. Iliyobaki ilisimama imebeba.

Jumapili simu ikaita. Dada akaiweka kwa sauti kubwa ili nami nisikie.

"Shikamoo mama. Nije lini kukuchukua?"

"Marahaba. Njoo Jumamosi. Uje na magunia."

"Magunia ya kufungia nguo?"

"Ya mahindi, baba. Na ujipange kulala huku, kuna kazi ya kupukuchua."