Taa ya Tata na Mita ya Nyakundi

Hapana, Nyakundi, mita yako ni nzuri, lakini usiniambie ati ile taa ya Tata ni kitu ya watoto. Hivyo ndivyo nilimjibu kaka yangu leo jioni, akacheka. Amerudi kutoka gereji anakofanya kazi Nakuru, na mita ya mshale ya kupima stima ndani ya kiboksi, na kwa siku moja tu ameshamwambia Tata, baba yetu, waya zote za lori yake zimeoza. Anataka kesho lori ivuliwe spea, ziuzwe. Macho ya Tata siku hizi haioni waya ndogo.

Nyakundi amesahau. Mimi nakumbuka tukiwa wadogo hapa Nyamira, hiyo taa ndiyo ilikuwa mchezo wetu. Tata alichukua balbu ya indiketa akaifunga waya mbili: moja na klipu ya kubana chuma ya gari, ingine na msumari wa kugusia waya. Tulikuwa tunashindana nani atapata mahali stima imepotelea. Mafundi wengine waligusisha waya kwa bodi waone cheche, mpaka siku moja wakachoma kiti. Tata alikuwa anatuambia, "Anza kwa betri. Fuata waya pole pole mpaka taa ikatae." Tulinuka grisi na utomvu wa ndizi, na mama hakutuacha tuguse ugali wa wimbi mpaka tusugue mikono na majivu.

Ijumaa moja ya mvua, lori ilikuwa ipeleke kwaya Kisii kabla jua kuingia, maana Sabato haingoji. Taa za mbele zikakataa, na mvua ilikuwa imeleta giza. "Mzee, tutaimbia hapa kwa matope?" wanakwaya wakauliza. Nyakundi akaingia chini na msumari, mimi nikashika balbu. Ikawaka, ikawaka, halafu chini ya kebini ikawa nyekundu tu kama makaa yanayozimika. Kumbe Tata mwenyewe, tepu ilipoisha, alifunga hapo waya na kamba ya mgomba. Kamba ilikunywa maji, shaba ikageuka kijani. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwaya ikafika.

Sasa leo Nyakundi ametoa balbu ya taa ya mbele, akaweka mita kwa waya, mshale ukapanda mpaka volti kumi na mbili. "Unaona? Stima iko. Na nikiweka balbu mpya, haiwaki. Hii lori imezeeka tu."

Nikamwambia stima inaweza kufika lakini haina nguvu ya kubeba balbu iwake. Mita haibebi mzigo wa stima kama balbu, inaangalia tu.

"Wewe Moraa, ulisomea ufundi wapi?"

"Chini ya hii lori. Na wewe ulikuwa hapo."

Wadogo zetu walikuwa wamekaa kwa ukuta wakisikiliza redio, hakuna hata mmoja aliinama kuangalia. Sijafika miaka ishirini na tayari naongea kama nyanya, lakini sisi tungekuwa tunasukumana nani aingie kwanza.

Kesho nitaamka kabla ya Nyakundi. Nitatoa taa kwa debe la spana, nibane klipu, nianze kwa betri. Nikifika chini ya kebini nitamwamsha, maana mkono wake unafika pale, wangu haufiki. Aje na mita yake pia. Balbu nitampa Tata ashike. Waya hataiona, lakini mwangaza ataona.