Kamba Haiuzwi

Baruti iliyoungua ina harufu ya yai viza, na mpaka leo harufu hiyo ikinijia, hata kama ni njiti ya kiberiti tu iliyowashwa karibu na pua yangu, miguu yangu huanza kucheza chini ya meza. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nje kidogo ya Tarbaj, kwenye laga pana ambalo lilipitisha maji siku chache tu kwa mwaka na kubaki mchanga mtupu siku zote nyingine. Hapo ndipo wafanyabiashara walipokutana kila mwaka baada ya mvua. Walileta samli ndani ya vibuyu, ubani, manemane, ngozi, mikeka, majani ya chai na sukari, na zaidi ya yote walileta ngamia, wengi kiasi kwamba vumbi lilisimama hewani kutwa nzima. Siku ya mwisho kulikuwa na shindano la kulenga shabaha kwa gobore, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi wiki nzima kabla ya safari.

Najua unachowaza. Kwetu bunduki hutajwa kwa sauti ya chini, na watu wa upande wetu wametajiwa bunduki vya kutosha. Lakini haya yalikuwa magobore matatu ya zamani, marefu kuliko mimi, ambayo mwaka mzima yalifungiwa kwenye kabati la chuma kituoni na kutolewa siku hiyo moja mbele ya askari wawili waliokunywa chai yetu bila kulipa. Nani aliomba kibali na nani alikitoa, sijui. Mtoto wa miaka tisa haulizi karatasi. Wapigaji walikuwa wazee wenye ndevu zilizopakwa hina, watu ambao siku nyingine ungewakuta wakibishania bei ya mbuzi.

Sikwenda huko kutazama tu. Mimi na dada yangu Habiba, aliyenizidi miaka minne, kila mmoja wetu alikuwa na ngamia wake. Kwetu mtoto akizaliwa, siku anapofungwa kitovu hutengewa mnyama, na mnyama huyo ni wake, si wa baba wala wa mjomba. Wangu aliitwa Barwaqo, wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililochanika. Wa Habiba aliitwa Adey kwa sababu ya weupe wake. Mwaka huo baba yetu, tuliyemwita aabo, aliamua kwamba mtoto mmoja aende shule ya bweni Garissa, na akanichagua mimi. Hakunichagua kwa akili. Sikuweza kukaa mahali pamoja. Mbuzi niliowachunga walirudi pungufu, na mara moja walirudi wenyewe bila mimi. "Huyu kwa mifugo ni hasara," aabo alisema. "Labda kalamu itamtuliza." Habiba, ambaye hakupoteza mnyama hata mmoja tangu aanze kuchunga, angebaki. Na kwa kuwa anayekwenda ni mimi, ngamia wa kuuzwa ili karo ilipwe angekuwa wangu. Ilikuwa haki kabisa, na kila mtu alilijua hilo, hata mimi. Lakini nilitaka shule na nilimtaka Barwaqo, na katika umri ule sikuona sababu ya kuchagua. Tulikwenda na ngamia wote wawili, maana Barwaqo hakukubali kuondoka nyumbani bila Adey mbele yake.

Asubuhi ya siku ya mwisho gobore la kwanza lilipolia, mimi nilikuwa mbali, chini ya mgunga, nimeshika kamba ya Barwaqo. Aliruka juu kwa miguu yote minne na kunivuta mpaka nikala mchanga. Adey, pale pale kando, aliendelea kucheua. Watu walicheka. Mimi nilijifuta uso na wazo likaniingia, na tangu hapo sikutulia hata dakika moja. Nilizunguka kwenye mikeka, nikarudi, nikaenda kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo. Mama mmoja muuza samli aliniuliza kama nina siafu ndani ya nguo. Haraka haraka haina baraka, husema watu, lakini na ngoja ngoja huumiza matumbo, na siku ile tumbo langu lilijua ukweli wa methali zote mbili.

Gobore halina haraka. Mzee humimina baruti mdomoni mwa mtutu kutoka kwenye pembe ya ng'ombe, akatia kitambaa, kisha risasi ya duara. Halafu hushindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, taratibu kama anatwanga kahawa. Mwisho hubandika fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye kutoa cheche, akainua, akalenga debe lililopakwa chokaa juu ya kichuguu ng'ambo ya laga, na kuzuia pumzi. Nilisimama nyuma ya umati na kujifunza hatua hizo mpaka nikazijua kama Fatiha. Baruti, kitambaa, risasi, mdeki, fataki, pumzi. Wengine walishangilia debe lilipolia. Mimi sikumbuki hata nani alishinda.

Adhuhuri ilipokaribia alitokea mnunuzi kutoka Isiolo. Lugha ya kwao haikuwa yetu, kwa hiyo yeye na aabo walizungumza Kiswahili. Alitaka ngamia wa maziwa, mtulivu, kwa sababu wakamuaji wake walikuwa vijana wasio na uzoefu. Aabo alimsifia Barwaqo kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo pole hugeuka bole. "Huyu hana matata," alisema. "Mtoto ndogo anakamata yeye. Bole bole kabisa." Kisha akanigeukia kwa lugha yetu, akaniambia nimlete, nipitie nyuma ya miti, mbali na wapigaji.

Nilipitia mbele. Nilimwongoza Barwaqo kando ya umati, hatua chache kutoka kwa mzee aliyekuwa akitia kitambaa. Risasi. Nikainama, nikajifanya nafunga ndara yangu. Mdeki ukapanda na kushuka. Nikalegeza kamba mkononi. Fataki. Nakumbuka kwamba hapo kwenye pumzi nilitaka kuacha, nilitaka kuvuta kamba na kukimbia naye, lakini hamu ya kumbakiza ilinizidi nguvu. Gobore likalia. Barwaqo alipita katikati ya mikeka, akaangusha meza ya chai na vibuyu viwili vya samli vya yule mama aliyeniuliza kuhusu siafu, akatokomea lagani huku shingo imenyooka. Askari mmoja alimwaga chai yake.

Mnunuzi alimtazama akipotea. "Mzee," alimwambia aabo, "huyu nitamkamulia wapi? Juu ya mti?"

"Leo tu amesikia hiyo kitu," aabo alisema. "Siku ingine yeye bole, wallahi."

Lakini macho ya mnunuzi yalikuwa yamekwishahama. Moshi wa baruti ulikuwa unapita juu ya Habiba, aliyekuwa amesimama kando ya umati, na nyuma yake alisimama Adey, kamba imelegea, taya zikienda huku na huku. "Na yule mweupe?" aliuliza.

Hilo sikulihesabu. Nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa hilo. Aabo akamwendea Habiba, maana mnyama hakuwa wake. "Ni wako," alimwambia. "Ukikataa, hakuna atakayekulaumu. Mdogo wako atangoja mwaka mwingine." Sote tulijua kwamba mwaka mwingine ni neno tu. Habiba hakumtazama aabo. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, nami nikatazama ndara zangu. Kisha akasema, "Auzwe, aabo." Dalali mmoja wa pale akarusha shali juu ya mkono wa aabo na mkono wa mnunuzi, wakaanza kupatana bei kwa vidole chini yake, kimya, kama desturi ilivyo. Shali lilipoondolewa, Adey alikuwa wa mtu mwingine.

Kwetu ukiuza mnyama, kamba haiuzwi. Ukiitoa, inasemekana, umetoa na baraka ya zizi. Habiba aliifungua shingoni mwa Adey polepole, akaizungusha mkononi mwake, akampisha mnunuzi afunge yake. Barwaqo alipatikana alasiri, anakula majani kama hakuna lililotokea, na watu wakasema mtoto huyu ana bahati. Njiani Habiba alitembea mbele na ile kamba isiyo na ngamia. Tulikuwa tumekaribia nyumbani aliposema, bila kugeuka, "Nilikuona ukihesabu." Angeweza kumwambia aabo pale pale, na pasingekuwa na shule wala bweni. Hakumwambia siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Barwaqo alikufa kwa ukame nikiwa mwaka wa pili Garissa; habari niliipata kwa dereva wa lori aliyeleta mbuzi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hivyo hunena methali. Mimi nilitegemea cha ndugu yangu na leo nina ofisi, kiti cha kuzunguka na mshahara. Magobore hayatolewi tena, na mkutano ule wa lagani umekufa. Siku hizi mnunuzi huletewa picha ya ngamia kwenye simu na kulipa kwa simu hiyo hiyo, na kuna gati la saruji la kupakilia malori, jambo ambalo lina nafuu yake, sikatai. Lakini tairi la lori likipasuka hapa mjini, wenzangu hujitupa chini ya meza kwa sababu wanazozijua wao, na mimi hubaki nimekaa, midomo ikihesabu. Kiti changu kimezunguka mpaka kimelegea, na kalamu haikunituliza.

Mwaka uliopita nilikwenda Tarbaj kumwona Habiba. Hajui kusoma, ana ngamia wengi, na mwenye kovu usidhani kapoa. Alfajiri alisimama kwa mguu mmoja akikamua ngamia, chombo cha maziwa juu ya goti, akaniambia nimshikie ndama asimsumbue mama yake. Kamba aliyonipa ilikuwa imeungwa sehemu nyingi, lakini niliitambua, na niliona aibu kana kwamba yalitokea jana tu. Nimesoma kwa hiyo kamba miaka yote ile, na sikuwahi kusema neno. "Habiba," nikaanza, "siku ile ya gobore, mimi ndiye..."

Hakuinua kichwa. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya chombo.

"Unatikisa kamba," akasema.

Nikatulia.