Gari Ambalo Sitalibariki Jumamosi

Mjukuu wangu Nyaga, iko siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia gari likiteremka kuelekea mtoni, na nataka uijue kabla ya Jumamosi. Umeniomba Jumamosi, pasta akishamaliza maombi, nisimame mbele ya gari lako jipya, niweke mkono juu ya boneti na kulibariki. Baba yako ameshanunua soda, na mama yako ameshaalika kikundi chake chote cha kanisa. Mimi bado sijakujibu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu chako kinatosha kununua ndizi sokoni Runyenjes tu, na haya ninayotaka kusema ni mazito kidogo kuliko ndizi.

Unajua umebeba jina la babu yako. Ndiyo maana ulipokuwa mdogo nilikuita mume wangu, kama bibi wote wa hapa wanavyowaita wajukuu waliopewa majina ya waume zao, nawe ukakasirika na kukimbilia kwa mama yako. Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa natania nusu tu.

Babu yako alikuwa dereva wa lori. Lori halikuwa lake, lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Alitoa kahawa Githongo, kule Meru, akaileta Embu, kisha akarudi na mbolea. Barabara hiyo unaijua: unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena, kutwa nzima. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu na lilikunywa diseli bila haya. Tajiri alilijua hilo vizuri, lakini hakutaka kulitengeneza wala kununua lingine. Alichofanya ni kumpimia babu yako mafuta ya safari, na yakimwishia njiani, hiyo ni shida ya dereva.

Basi siku hiyo tulipanda lori pamoja na baba mkwe wangu, mzee Ireri, kwa sababu dada yake aliyeolewa Githongo alikuwa mgonjwa na tulikuwa tunakwenda kumwona. Nilikuwa mke kijana, na baba yako, mtoto mdogo bado, tulikuwa tumemwacha nyumbani. Nilikaa katikati yao na kitambaa kipya kichwani, nikijiona mtu mkubwa. Tulipofika mteremko wa mto Thuchi, babu yako alitoa gia, kisha akazima injini kabisa. Kukawa kimya. Nilisikia upepo dirishani, nikasikia magunia ya mbolea yakijisogeza nyuma yetu, na lori likaanza kuongeza mwendo lenyewe. Nilidhani ni ufundi wa udereva, nikafurahi. Mzee alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili mpaka tukavuka daraja.

"Simamisha," akasema.

Alishuka, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, na sisi tukashuka nyuma yake.

"Nyaga, hicho ulichofanya kinaitwaje?"

"Ni kuachilia fri, baba. Madereva wote hufanya. Diseli ninayopimiwa haitoshi, sasa kwa mteremko ndipo narudisha kidogo."

"Na ukitaka kusimama hapo katikati?"

"Breki ziko, baba."

Mzee aliliangalia lile lori, halafu akamwangalia mwanawe. "Mimi nikiwa na ng'ombe anayemaliza majani yote ya shamba na maziwa hatoi, namuuza. Siwezi kuwaambia watoto wangu walale njaa ili yeye ashibe. Mlafi hapa ni hili lori, na anayelazwa njaa ni wewe. Mrudishie huyo mtu mali yake."

"Na huyu na mtoto watakula nini?" babu yako akauliza, akinionyesha kwa kidole.

Mzee hakuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alikuwa amesema kweli tupu na bado hakuwa na jibu.

Alikataa kupanda tena. Akasema kilima kilichobaki atakipanda kwa miguu yake, nami nikaona aibu kumwacha mzee peke yake, nikamfuata. Babu yako akawasha lori aende kutusubiri juu, likatupita likijikokota, likatufunika kwa moshi mweusi mpaka nikapoteza barabara mbele yangu. Kitambaa changu kipya hakikurudia rangi yake tena. Mzee alikohoa, akajifuta uso kwa kofia, akaniuliza, "Kwa hivyo moshi wote huu ni ile diseli ambayo haitoshi?"

Nilimwambia sijui. Sikuwa najua kweli, na sikuona kwa nini mtu aulize jambo kama hilo.

Mwaka uliofuata, katika mvua ndefu, babu yako alikuwa anatoka Githongo na kahawa, na ni mteremko wa Thuchi upande wa pili, ule tulioupanda kwa miguu, uliomchukua. Waliokuja kulitoa lori walisema breki zilikuwa zimeungua kwa kukanyagwa sana, kwa kuwa hakukuwa na injini ya kulishikilia. Baba yako alikuwa bado hajaanza shule. Kwenye mazishi watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakatuonya juu ya vijana wanaokimbiza magari. Nilitaka kupiga kelele. Nyaga wangu hakuwa anakimbia, mwanangu. Alikuwa anabana mafuta.

Mzee Ireri alinishika mkono siku hiyo mpaka kaburi likafukiwa.

Sasa nimezeeka, na lile swali lake la moshi limenirudia. Redioni wanasema moshi wa magari hauishii pale tunapoacha kuuona. Wanasema unabaki huko juu, unalifunika anga, joto linashindwa kutoka. Mimi si mtaalamu, lakini macho ninayo. Nilipoolewa hapa nilikuwa nikitoka nje asubuhi naona mlima wetu umevaa theluji nyeupe begani. Siku hizi nautafuta ule weupe kama mtu anayetafuta sindano, na siku nyingine naambiwa tu kwamba upo. Kahawa yangu huchanua mvua ikiwa imechelewa, maua yakakaukia kwenye tawi. Sisemi lori la babu yako peke yake ndilo lililofanya hivyo. Lakini ule moshi uliotufunika kilimani haukupotea, na mafuta aliyokosa babu yako ndiyo yale yale yaliyokuwa yanapaa bure juu ya vichwa vyetu.

Nasikia pia kwamba ziko nchi ambako serikali humwambia anayetengeneza magari: gari lako lisile mafuta zaidi ya kiasi hiki, lisitoe moshi zaidi ya huu, la sivyo hatulitaki. Nikafurahi kusikia, kisha nikahuzunika. Kwa maana sisi tunauliza gari lina miaka mingapi, na mafundi wanatuambia rangi imeshika vizuri, lakini sijamsikia mtu akiuliza kwa ukali linakula kiasi gani kabla halijafika kwetu. Hapo kale swali hilo halikuulizwa, na mtoto wa watu akalilipia kwa shingo yake kule Thuchi.

Na sasa tufike Jumapili iliyopita. Ulinichukua kanisani Manyatta, ukanifungulia mlango kama bibi harusi, nami nilijivuna mbele ya wazee wenzangu, sikufichi. Gari ni kubwa na viti ni vya ngozi. Tukaja tukiongea, mpaka tulipoanza kuushuka mteremko wa kuja nyumbani. Ghafla nikasikia ule ukimya. Nikasikia upepo dirishani. Niliushika ubao wa mbele kwa mikono miwili, nawe ukacheka.

"Relax, shosh. Hapa ni kuachilia tu fri. Hii gari inakunywa vibaya, lazima nisevu."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi, maana siku ile jambo lilikuwa limeshatokea. Ulipoondoka niliingia jikoni nikalia, na mama yako akadhani ni moshi wa kuni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na usikasirike. Gari hilo sitaliwekea mkono. Aliyekuuzia alisema anaweza kulichukua tena na kukupa dogo; wewe mwenyewe uliniambia, ukacheka ukisema watu watakuonaje. Mwanangu, mrudishie. Chukua lile dogo ambalo halikulazimishi kuchagua kati ya mfuko wako na uhai wako. Kabla ya kuuliza rangi, uliza linakula kiasi gani, na usione haya kuuliza mara mbili. Likitoa moshi, lipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Duka likiwa karibu, nenda kwa miguu, miguu yako ni mizuri, ni ya babu yako. Na wale mnaowapigia kura wakija hapa kuomba, waulizeni kwa nini magari ya kula sana yanaachiwa yatumalize sisi wa milimani, na msikubali wawajibu kwa nyimbo. Ila kwenye mteremko, hata mafuta yakiwa yamebaki harufu tu, gia ikae ndani. Hapo sikuombi, nakuamuru.

Mzee Ireri alisema kweli lakini hakuwa na jibu la kumpa mwanawe. Mimi ninalo: yule ndama wangu jike auzwe, bei yake itafidia chochote utakachopoteza kwa kubadilisha.

Jumamosi njoo mapema, hata ukija kwa miguu. Soda zitanyweka tu. Nitakuketisha mbele yangu, nitakutemea mate ya baraka mikononi kama wazee wetu walivyofanya, na pasta atanivumilia. Mungu akupe miaka ambayo hakumpa mwenye jina lako. Akupe watoto wautazame mlima na waone kitu cheupe. Mvua ije kwa wakati wake juu ya shamba lako. Jina hilo nimeshalililia mara moja, mume wangu mdogo, na sina machozi ya mara ya pili. Uende na urudi, na kila unaposhuka mteremko wa kwetu, nikiwa hapa jikoni, nisikie injini yako mpaka mlangoni.